Mtaro wa Baba na Bibi

Harufu ya mvua ya kwanza juu ya mawe yenye joto hunichekesha hadi leo, hata nikiwa mbele za watu. Ngojeni niwaeleze.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa karibu na Bunda, nyumba zilipangwa kwa kamba, mstari mmoja, na bwana aliyeshika kamba hakuuliza nani mkwe wa nani. Baba akajikuta jirani wa bibi, mama yake mama. Kwetu mwanamume hatazamani na mama mkwe. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Na pori lenyewe tulikuwa tumelifyeka.

Mama alitaka ua uliotandikwa mawe wa kuanikia mihogo. Baba, aliyewahi kufanya kazi mgodini Kiabakari, alisema mawe hayapangwi kabla maji hayajapata njia. Akakwangua udongo, akashindilia changarawe, akaniambia nimwage debe la maji katikati. Maji yakaenda moja kwa moja mlangoni kwa bibi. Nyumba yake ilikuwa ya udongo. Mvua moja kubwa ingeiangusha, na mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa ziwa.

Mtaro ulipaswa kupita uani kwake, na baba hakuruhusiwa kukanyaga huko. Bibi naye hakutaka fundi mwingine. "Maji ni ya mkwe wangu, ayatoe mwenyewe."

Basi wakakubaliana, kupitia kwangu, kila mmoja achimbe kutoka kwake akirudi kinyumenyume, wakutane mpakani. Mimi nikawa macho yao. Walipokaribiana nikapaza sauti, "Kushoto kidogo." Wakatii wote wawili. Watu waliopeana migongo, kila mmoja ana kushoto kwake. Wakapishana, kila mmoja akizidi kurudi nyuma, na baba alipoinua kichwa kufuta jasho, bibi alikuwa mbele yake, uso kwa uso.

Baba alitupa jembe akakimbilia kwenye shamba la pamba. Bibi akageuka taratibu. "Mwambie baba yako, huko mgodini walikuwaga wanamlipia kazi gani?"

Mvua ikashuka juu ya mawe ya mama, yaliyorundikwa juani yakingoja kupangwa. Maji yakajaa mtaro wetu, yakaanza kufurika kuelekea kwa bibi. Ndipo baba akarudi, amejifunika gunia kichwani, haoni kitu, akapiga jembe ovyo. Bibi, mgongo umemwelekea baba, akawa ananiuliza jembe linapiga wapi, kisha ananielekeza, "Mwambie asogee kulia, kulia kwake yeye." Udongo ukakatika, maji yakapita, nyumba ikabaki wima.

Utotoni niliamini hawapendani. Nilipoolewa nikapata wakwe wangu ndipo nikaelewa: baba alirudi akijua atatozwa mbuzi kwa kuvunja mwiko, ili mama mkwe asiyeruhusiwa kumtazama alale pakavu.