Kahawa Isiyo na Kafeini Haikaangwi kwa Saa

Siku ya kwanza kazini, kwenye kampuni ya kukaanga kahawa pale Hurlingham, msimamizi wa stoo hakuniuliza jina. Aliuliza, "Gunia la kilo sitini unaweza?" Nikabeba mawili, moja baada ya jingine, kisha nikasimama nikamtazama. Shule niliachia darasa la tatu. Mgongo ndio ulioniandikisha.

Kutoka stoo nilipelekwa kwenye mashine, chini ya mkaangaji mkuu, mtu mkali asiyerudia neno. Alinifundisha kusikiliza buni: ikikaribia kuiva hupasuka kama bisi, ndipo unaanza kuhesabu dakika. Alipostaafu, mashine ikawa yangu.

Halafu mwenye kampuni, tuliyemwita Madam, akaleta buni zilizotolewa kafeini ng'ambo, za wateja waliokatazwa na daktari. Buni ya kawaida ni ya kijani. Hizi zilikuja na rangi ya kahawia, ungedhani zimekaangwa tayari. Nikangoja mlio. Kumbe hizo hupasuka kwa kunong'ona tu. Nilipofungua mashine, ni moshi.

Madam akaonja, akatema. "Mzee, haya makaa umeyatoa Kenyatta Market, chini ya nyama choma?"

Kila mtu alicheka. Mimi sikucheka. Wiki kadhaa nilipunguza moto, nikachomoa kijiko cha sampuli na kunusa, tena na tena. Kwanza nyasi mbichi, kisha mkate, kisha sukari nguru inayoyeyuka. Hapo hapo unamwaga. Ukichelewa pumzi mbili, umeharibu. Nikapata kahawa tamu yenye uchachu wa matunda, hata watu wenye afya njema wakawa wanaiagiza.

Ndipo akaja mtaalamu wa ubora, mwenye diploma. Alinifuata na daftari na saa, nikamweleza yote. Wanunuzi wageni walipokuja kuonja, waliuliza mkaangaji ni nani. Madam akamnyooshea kidole mtaalamu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, aproni imejaa maganda.

"Mzee, tuletee maji ya moto," mtaalamu akasema.

Nikaleta. Mwezi huo wakanihamishia kufunga pakiti. Nikavua aproni, nikaenda nyumbani.

Buni za msimu uliofuata zilikuja na unyevu tofauti. Saa haina pua. Walichoma gunia baada ya gunia, mpaka Madam mwenyewe akafika kwangu Mutuini. Mke wangu akamwekea chai.

"Mzee, rudi utusaidie."

"Kama nani?"

"Msaidizi wa mtaalamu. Si unajua mambo ya vyeti."

"Madam, kunywa chai, inapoa."

Akanywa, akaondoka. Kahawa hiyo wakaacha kuiuza.

Sasa ninalima, na watu wa kanisani wananiambia nina roho ngumu. Wacha waseme. Lakini kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mgonjwa wa moyo, aliyekuja pale kazini kila Jumamosi kuifuata kahawa hiyo, na kukinusa kikombe chake kwa muda mrefu kabla hajanywa. Huyo nilimkosea. Madam sikumkosea.