Kasereka wa Banda la Tatu

Waulize watu wa Butembo kwa nini Katungu alisomea uuguzi. Watakuambia alikwenda Uganda kujitolea, akaipenda kazi, akarudi na wito. Hadithi tamu hiyo. Hata masista wa shule ya wauguzi waliisikia kinywani mwake, wakampokea siku hiyohiyo. Aliyowaficha ndiyo yaliyompeleka.

Mwaka 1999 vita vilimkimbiza Katungu hadi kwa shangazi yake, ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hana kazi. Karibu na hapo, wakimbizi wa Kyavinyonge waliovuka ziwa walikuwa wamepangwa katika mabanda ya turubai, na kipindupindu kikawafuata humo humo. Parokia ikatafuta vijana wanaojua Kinande. Katungu akajitokeza. Kila asubuhi alipita banda kwa banda akiuliza nani ameharisha, akaandika majina, akampelekea Malachie, muuguzi aliyekuwa na chupa chache za serumu, maji ya kutundikia mshipani. Malachie aliwatuma wabebaji wawalete waliozidiwa.

Sasa, sisi Wanande watoto wetu tunawapa majina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa tatu ni Kasereka, upende usipende. Katungu alilijua hilo vizuri, maana lake nalo lilikuwa jina la zamu, na mtaani kwao akina Katungu walikuwa tele. Lakini asubuhi moja mvua ilimharakisha, akaandika: "Kasereka, banda la tatu, mahututi." Jina la mama hakuandika.

Banda lile lilikuwa na Kasereka wawili. Wabebaji walipoita, mama mmoja alisimama na wake, aliyeharisha kidogo tu, naye akatundikiwa serumu ya mwisho. Kasereka wa pili, mwana wa Clémence, aliyekuwa amekauka midomo, alibaki mkekani. Alikufa kabla ya adhuhuri.

"Ulipashwa kuandika jina ya mama," Malachie alimwambia.

Jioni Clémence akamshika mikono. "Aksanti, dada. Mutoto yangu ulikuwa unamuangalia kila siku."

Katungu alimwacha aamini hivyo. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na yeye aliifunga moyoni akavuka nayo mpaka.

Mwingine angehama, jina la maiti wake akaliacha nyuma. Yeye angehamia wapi, na Kasereka wako kila mtaa? Alipohitimu, mwaka 2003, vita vikiwa bado vinaunguruma, alipangiwa kituo kimoja cha afya huko Bungulu, mjini Beni. Kasereka hawakuisha. Kasereka wa malaria, Kasereka wa kidonda, Kasereka mzee mwenye mvi. Kila alipoliita jina hilo barazani aliogopa atakayeitika. Na kwenye kila fishi, karatasi ya mgonjwa, aliandika jina la mama, hata la yule mzee. Wenzake walicheka. Kucheka hakugharimu kitu.

Ndipo siku moja akaingia Clémence, amebeba binti mwenye homa.

"Dada Katungu! Sasa uko infirmière!" Akamgeukia mtoto. "Audrey, huyu ndiye alimuangalia kaka yako mupaka mwisho."

Sifa ile ilimchoma kuliko tusi. Katungu akayasema yote palepale amesimama: orodha, mvua, jina lisilo na mama, chupa ya mwisho. Hakujitetea.

Clémence alimketisha binti kwenye benchi.

"Mimi niliwasikia banaita Kasereka," alisema. "Nikaona mama ule anasimama, nikanyamaza. Nikasema, zamu ya wangu itafika. Miaka ine najiambia ni mimi niliua mutoto kwa kunyamaza. Na bwana yangu ananiambia vile vile."

"Nisamehe, mama."

"Donc, kumbe wewe ulijua. Ukaniacha niende na hiyo lawama nyumbani."

Alimwinua binti yake, akavuka baraza, akaketi mwisho wa foleni ya Esdras, muuguzi mwingine. Foleni hiyo ilifika hadi barabarani. Foleni ya Katungu ilikuwa imeshakwisha; mbele yake hapakuwa na mtu.