Sumu Moja, Miili Miwili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kidogo cha utafiti wa pamba pale Maswa, Mtafiti Mkuu alinikabidhi koleo laini na trei ya vikombe. Ndani ya kila kikombe kulikuwa na funza mmoja wa vitumba.

"Usiwaweke wawili pamoja," alisema. "Watalana, na wewe utakosa kazi."

Ndivyo nilivyoanza kuwa fundi sanifu wa maabara. Nilijifunza kulisha funza, kudondoshea tone la dawa mgongoni mwao, na kuwagusa kesho yake nione nani anajikunja na nani amekufa. Nilijifunza pia habari ya vimeng'enya, yaani zile protini zinazofanya kazi za kukata na kugeuza vitu mwilini. Vingine kazi yake ni kuvunja sumu. Kila kimeng'enya huchagua: hushika sumu yenye umbo linalokienea, na nyingine huiacha ipite.

Msimu mmoja wakulima wa kijiji cha Sola walipuliza dawa na funza wakaendelea kutoboa vitumba. Nilitumwa kukusanya funza. Mzee Masanja, aliyekuwa na shamba kubwa kuliko majirani zake, alinipokea akiwa amebeba bomba la kupulizia dawa mgongoni.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama. "Mmetuletea maji yenye harufu."

"Dawa ni nzima, baba. Tunataka kujua funza anaifanyia nini."

"Basi mjue upesi. Shamba linaliwa."

Maabarani tuliwagawa funza makundi mawili. La kwanza tulilidondoshea dawa peke yake, funza wakaishi. La pili tulilipaka kwanza kizuizi, kitu kinachofunga vimeng'enya vya kuvunja sumu, ndipo tukatia dawa ileile. Karibu wote wakafa. Jibu likawa wazi: funza wa Sola walikuwa na vimeng'enya vingi vilivyoizoea dawa ile. Ilitakiwa dawa ya jamii nyingine, yenye umbo ambalo vimeng'enya hivyo haviliwezi.

Dawa hiyo ilikuwepo. Tatizo lilikuwa mwili wa mtu. Ile ya zamani, ini la binadamu huivunja haraka, ndiyo maana watu waliizoea na kuipuliza kifua wazi. Hii nyingine, ini likianza kuishughulikia, kwanza huigeuza kuwa sumu kali zaidi, kisha hiyo hufunga kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu. Mtu hutoka jasho na mate, hutetemeka, na pumzi humwishia.

"Hatutangazi kitu," alisema Mtafiti Mkuu. "Tukitaja dawa hii kabla watu hawajapata glavu na mafunzo, tutawaua. Naomba kibali makao makuu."

"Na wakiipata wenyewe, bosi?"

"Wataipata wapi?"

Waliipata mnadani, imemiminwa kwenye chupa za soda, haina hata karatasi ya maelezo. Kibali kilikuwa bado kinazunguka maofisini Mzee Masanja alipopuliza ekari zake kwa bomba lililokuwa likivuja, shati amelivua kwa sababu ya joto. Mkewe, Nkwimba, alimkuta amekaa kwenye tuta, udenda unamtoka, akisema macho yanaona ukungu. Alidhani ni malaria. Alimwogesha, akampa uji. Walipomfikisha hospitali, daktari alimchoma sindano ya kupambana na sumu ile, lakini muda ulikuwa umekwenda.

Mtafiti Mkuu alikuja mazishini. Hakuwa mtu mbaya. Niliwahi kumwona akirudi njia nzima kumpa mkulima barakoa aliyoisahau. Nkwimba alimuuliza mbele yetu, "Mlijua ile dawa inaua mtu?"

"Tulijua, mayu. Nilikuwa nataka kwanza—"

"Mngetuambia hata hilo tu. Msingesema la funza. Mngesema, mkikuta dawa ya namna hii, msiiguse."

Kibali kilifika pamba ilipokwisha kuliwa. Mwaka uliofuata Mtafiti Mkuu aliomba uhamisho, nami nikapelekwa Bariadi chini ya Mkuu wa Kanda, nikapime mabaki ya sumu kwenye mboga. Huko nilimalizia utumishi wangu.

Wanangu hunishangaa ninaposema nina majuto, maana kituo kile kilifanya kazi safi. Ni kweli. Tulipata jibu sahihi, na jambo lilelile tuliloogopa ndilo lililotokea, wakati sisi tulikuwa tunalitunza jibu kama siri ya ofisi.

Wiki iliyopita nilikuwa nafua uani. Jirani yangu alikuwa amemshika paka wake shingoni, na mkono wa pili ana dawa ya kupe ya ng'ombe.

"Wewe, acha!" nilipiga kelele juu ya uzio. "Ng'ombe anaivunja hiyo, paka hana kimeng'enya cha kuivunja. Utamuua!"

Akasita, akaweka chupa chini. "Asante, mama. Sikujua."

Paka akaruka, akaenda zake. Nilibaki nimeshika nguo inayochuruzika maji, nikiwaza jinsi maneno yale yalivyokuwa machache.