Tryphena Aliyerudi Nyuma

Tryphena Wakio alizaliwa Mbololo, kwenye nyumba ya wakulima wa migomba na maharagwe, na tangu amalize mafunzo ya huduma ya dharura hajafanya kazi nyingine. Anaishi Voi, mtaa wa Birikani, na mumewe Festus ambaye ni mwalimu, pamoja na binti yao Rita. Ambulansi yake huitwa kila upande. Kuna siku humeza vumbi hadi Kishushe kumfuata mama aliyeshikwa na uchungu, na kuna siku barabara kuu ya Nairobi na Mombasa peke yake humchosha kabisa. Dereva wake ni Oloo, mtu mzima mwenye maneno machache, mtoto wa mfanyakazi wa shamba la katani. Wamefanya kazi pamoja kwa muda mrefu hivi kwamba mmoja akinyoosha mkono, mwingine anajua anataka nini.

Mchana mmoja wa jua kali waliitwa upande wa Miasenyi. Lori la mafuta lilikuwa limeanguka ubavu kando ya barabara, na dereva wake amebanwa ndani. Walifika kabla ya zimamoto. Tryphena alitazama chini ya tangi, akaona ardhi ni kavu, akamwambia Oloo asubiri kwenye gari, kisha akatambaa hadi kwenye kichwa cha lori.

Dereva alikuwa hai na akili zake zote. Alijitaja kuwa ni Kaloki, mtu wa Kibwezi. Miguu yake ilikuwa imeshikwa na vyuma hadi magotini, na bila mashine ya kukata hakuna ambaye angeweza kumtoa. Tryphena alipitisha mkono kwenye kioo kilichovunjika, akampima mapigo ya moyo, akamfunga kitambaa kwenye jeraha la kichwa. Kaloki akamshika mkono ule ule.

"Usiniache, dada."

"Siendi mahali. Niko hapa."

Alikuwa anasema kweli. Hata leo anasisitiza kwamba wakati ule alikuwa anasema kweli.

Walizungumza kidogo. Kaloki alimwambia kwamba mkewe anaitwa Ndulu na kwamba mara ya mwisho walipoongea kwa simu waligombana juu ya jambo dogo. Tryphena akawa anamjibu huku akisikiliza king'ora cha zimamoto. Badala ya king'ora akasikia kitu kinachirizika. Petroli ilikuwa imeanza kutoka kwenye mshono wa tangi, ikashuka mtaroni, na harufu yake ikampanda kichwani. Alipogeuka aliona watu wanakuja mbio na mitungi ya plastiki, wengine wamebeba sufuria. Mmoja alikuwa na sigara.

Kila mhudumu wa dharura hufundishwa jambo moja kabla hajafundishwa kufunga bendeji: mahali pakiwa si salama, unatoka, kwa sababu mhudumu aliyeungua hamwokoi mtu. Tryphena mwenyewe amewahi kulifundisha. Lakini siku ya kulifundisha hakuna mtu anayekuwa amekushika mkono. Alimwambia Kaloki kwamba anarudi nyuma kidogo kuwaondoa watu. Kaloki hakuachilia. Ilibidi Tryphena amfungue vidole, kimoja baada ya kingine.

Aliwafukuza wale watu kwa ukali ambao hakujua anao. Wengine walimtukana, lakini walisogea. Alipogeuka akamwona Oloo anakimbia kuelekea kwenye lori na chuma cha kubadilishia gurudumu. Akamfikia, akamdaka mkanda wa suruali kwa mikono miwili.

"Niache, Tryphena. Ananiangalia."

"Hutamtoa na hicho chuma. Rudi."

Oloo alirudi. Wakasimama ng'ambo ya barabara, na Tryphena akawa anamwita Kaloki kwa jina, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, akimwambia zimamoto wako njiani, akimwambia amtazame yeye. Kaloki akamtazama. Kisha moto ukashika. Zimamoto walifika wakati hapakuwa tena na mtu wa kuokoa.

Hakuna mwingine aliyeumia. Mkuu wa kituo chao, Selpha Nabwile, alimsifu mbele ya wenzake, akisema kwamba bila yeye watu wengi wangeteketea na mitungi yao, na Oloo pamoja nao. Wenzake wakampigia makofi. Tryphena alitoka nje kabla makofi hayajaisha.

Tangu hapo sifa zilimchoma kuliko matusi. Watu wa kanisani walipomshukuru Mungu kwa ajili yake, aliinamisha kichwa kama mtu aliyeshikwa na mali ya wizi. Aliacha kupita karibu na kituo cha petroli. Mkono wa kulia, ule alioushika Kaloki, aliuosha mpaka ngozi ikapasuka. Festus alipomwambia kwamba alifanya alivyopaswa kufanya, alimjibu kwamba anajua, na akaomba wasilizungumzie tena. Rita alikuwa amezoea kumshika mkono huo wakiwa njiani, lakini sasa mama alikuwa akibeba mfuko upande huo.

Kazini alianza kujitolea kupita kiasi. Mtu akiomba ruhusa, Tryphena anashika zamu yake. Siku ya mapumziko yuko kituoni anapanga dawa ambazo tayari zimepangwa. Selpha alipomshauri akamwone mshauri nasaha, alisema hana shida, aulizwe Oloo kama kuna mgonjwa hata mmoja aliyelalamika. Ni kweli hakukuwa na malalamiko. Kile ambacho Oloo alikuwa anakiona hakukisema, akitumaini kwamba kitaisha chenyewe.

Hakikuisha. Asubuhi moja waliitwa kwenye ajali ya pikipiki, barabara ile ile kuu. Kawaida Oloo huegesha ambulansi ikinge mahali pa ajali, anawasha taa, na Tryphena anavaa jaketi linalong'aa ndipo anashuka. Siku hiyo alifungua mlango gari halijasimama, akakimbia bila jaketi, katikati ya barabara, moja kwa moja hadi kwa kijana aliyekuwa amelala kwenye lami akimwita mama yake. Alipiga magoti kando yake. Hakutazama kushoto wala kulia. Lori la mizigo lililotoka Mombasa lilipinda dakika ya mwisho, na upepo wake ukamwangusha juu ya mgonjwa.

Kijana yule alipona. Baada ya kumkabidhi hospitalini, Oloo alizima gari lakini hakushuka.

"Siku ile ulinishika mkanda," alisema, "nikakuchukia wiki nzima. Halafu nikaenda nyumbani nikawakuta watoto wangu wanakula. Sasa wewe unataka kufa, na unataka mimi niwe shahidi."

Tryphena alisema hataki kufa. Oloo akamwambia kwamba atakwenda kwa Selpha, na kwamba akikasirika na akasirike. Akaenda kweli. Selpha hakumfokea. Alimwondoa barabarani kwa muda, akampeleka yeye mwenyewe kwa mshauri nasaha, akamngoja nje kama anavyongojewa mtoto wa kliniki. Tryphena aliona aibu kubwa. Kumbe ndani ya chumba kile alikuwa na jambo moja tu la kusema, na ilimchukua vikao kadhaa kulitoa: kwamba kilichomhuzunisha si kule kurudi nyuma. Alihuzunika kwa sababu, alipokuwa amesimama ng'ambo ya barabara, alisikia nafuu. Alifurahi kuwa hai huku Kaloki akimtazama, na alikuwa na hakika kwamba Kaloki aliiona furaha hiyo.

Mshauri hakumwambia kwamba si kitu. Alimuuliza ni nani angependa kumwambia hayo, na Tryphena akasema, Ndulu.

Ilichukua muda kabla ya Ndulu kukubali kuonana naye. Festus alimsindikiza hadi Kibwezi, akabaki akimsubiri kwenye duka la jirani. Ndulu alikuwa mwanamke mdogo kuliko Tryphena alivyomfikiria, ana kibanda cha kushona nguo karibu na stendi. Alimpa kiti, akaendelea kushikilia kitambaa alichokuwa anakishona. Tryphena alimweleza yote: ugomvi wa simu ambao mumewe alikuwa bado anaujutia, mkono, ahadi, vidole. Akamalizia kwa kusema kwamba pengine angekaa dakika chache zaidi, pengine angejaribu na kile chuma cha Oloo, pengine Kaloki angetoka.

Ndulu aliweka kitambaa chini.

"Angetoka?"

Tryphena akaanza kusema tena pengine.

"Nakuuliza wewe uliyekuwa pale. Miguu yake ingetoka?"

"Hapana," Tryphena alisema. "Isingetoka bila mashine."

"Basi usiniambie pengine. Nimeambiwa na polisi kwamba hakuna ambacho kingefanyika, nikaanza kulala. Wewe unakuja na pengine yako unataka niibebe mimi."

Tryphena hakuwa amewahi kufikiri hivyo. Alijiona amekuja kubeba lawama. Kumbe alikuwa ameileta kumtwika mjane. Akaomba radhi, na safari hii aliomba radhi kwa jambo alilolifanya kweli. Ndulu hakusema amemsamehe. Badala yake aliuliza kama mumewe alikuwa peke yake mwishoni. Tryphena akamjibu kwamba yeye mwenyewe alikuwa mbali, lakini alikuwa anamwita kwa jina, na Kaloki alikuwa anamwona. Ndulu akaitikia kwa kichwa, akalia bila sauti, kisha akarudi kwenye cherehani yake kwa kuwa mteja alikuwa amefika.

Tryphena alirudi barabarani baadaye, kwa masharti: hachukui zamu za wengine, na siku ya mapumziko Selpha akimwona kituoni anamrudisha nyumbani. Kituo chao sasa kina kikao ambapo wahudumu huketi na mshauri kila wanapotoka kwenye ajali mbaya, na Oloo, ambaye haongei, huwa wa kwanza kuvuta kiti. Mwenzao mmoja aliyehamia kutoka Taveta alimuuliza Tryphena katika kikao hicho kama hisia ile ya hatia huisha. Alimjibu kwamba kwake haijaisha. Kuna majuma haimsumbui, na kuna siku humshika akiwa anapika tu. Ila amejifunza kusimulia mambo yalivyokuwa, bila kuongeza neno la kujihukumu wala la kujitetea, na yakishasemwa hivyo hupata usingizi, si kila usiku, lakini hupata.