Wavu wa Priscah

Shangazi yangu Truphena alikuwa fundi cherehani Homa Bay, na sioni haya kumsifu. Mwaka 1966 akina mama wa kwaya ya kanisa letu walimwagiza sare ishirini za kuvaa sikukuu ya Madaraka. Walitaka kola zidariziwe samaki ngege ndani ya wavu, kama walivyoona kwa wenzao wa Sindo.

Alipouliza kama mwenye mchoro ameombwa, mwenyekiti wao, Jedidah, alicheka. Nguo za kanisa, akasema, ni za Mungu, na kitu cha Mungu hakina mwenyewe. Wote waliamini hivyo, hata shangazi, ingawa baadaye hakupenda kulikiri. Akaazima kola moja ya Sindo, akaiiga uzi kwa uzi, hata pale wavu ulipokatika pembeni. Alidhani ni pambo.

Kola kumi na mbili zilikuwa tayari moyo ulipomsuta. Alikuwa mtu wa kujivunia kazi ya mikono yake, na hii haikuwa yake. Zikiwa zimebaki siku tisa, alifunika cherehani, akabeba kola hizo, akaenda Sindo kumtafuta Priscah, mjane aliyebuni mchoro ule. Jedidah alishamwonya kwamba akinyimwa, kwaya ingempa fundi mwingine kazi hiyo.

Priscah alisikiliza ombi lake, akazitazama kola, kisha akaweka kidole pale palipokatika.

"Nyamera, dada yangu, samaki chukua, wavu chukua," alisema. "Lakini hapa imekatika ni ya bwana yangu. Ziwa ilimchukua na wavu yake. Hii siwezi gawia mtu."

Shangazi aliona aibu hadi machozi yakamtoka. Aliomba msamaha, akarudi nyumbani, akafumua kola zote kumi na mbili na kuunga wavu pale ulipokatika. Sare ya ishirini aliimaliza asubuhi ya sherehe yenyewe.

Uwanjani chifu alizisifu sare, akauliza ni nani aliyebuni kitu kizuri namna ile. Jedidah akamsukuma shangazi mbele. Angeweza kuinamisha kichwa tu, apokee sifa, akae chini.

"Mimi nimeshona," alisema kwa sauti iliyofika hadi nyuma kabisa. "Mchoro ni ya Priscah wa Sindo. Nilienda nikamuomba, akanipa."

Uwanja mzima ukampigia makofi mwanamke ambaye hakuwepo, na shangazi yangu aliyapiga kuliko mtu yeyote.