Karani na Mlio wa Nyuma ya Nyumba

Karani wa takwimu aliyeletwa kwetu Rwamgasa mwaka themanini na tano hakuwa na haraka, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mimi, balozi wa nyumba kumi, nilimpitisha mlango kwa mlango nikiomba amalize aondoke kabla majirani hawajanichukia. Kila mahali aliketi vilevile: magoti pamoja, dodoso juu yake, akilamba ncha ya penseli kabla ya kuandika jibu. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama aliyeketi karibu na mgonjwa.

Kwa Baba Ghati alifika kwenye swali la watoto. “Ghati, miaka kumi na mmoja. Juma lililopita alifanya kazi yoyote?”

“Kazi gani? Mtoto yule anacheza tu.”

Nyuma ya nyumba chuma kiligonga jiwe, kikagonga tena. Hapa kwetu hakuna asiyeujua mlio wa kutwanga mawe ya dhahabu. Karani alilamba penseli, akaiacha hewani. Hakubisha, hakugeuka. Aliinamisha kichwa tu akisikiliza, hata jasho likanitoka mimi. Mlio haukukoma. Baba Ghati alinitazama, akaitazama ile penseli, mwishowe uvumilivu ukamwishia, akapaza sauti:

“Wewe Ghati! Hebu pumzika kwanza, mgeni aondoke!”

Mlio ukakoma.

“Asante, mzee,” karani akasema kwa upole, akaandika: ndiyo.