Ukuta Uliovunjwa Ukiwa Umenyooka

“Timazi ya kupimia kuta ni ya fundi asiyeelewana na macho yake,” alisema mwashi mmoja mbele ya kikao cha wazazi wa shule, mwaka walipokuwa wanatafuta mtu wa kujenga madarasa matatu. “Ukuta wangu ukipinda kwa unene wa ukucha, nikateni ujira na huo ukucha.” Wazazi wakacheka, kazi akapewa, na tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ukamwita Rula.

Kusema kweli hakudanganya. Kuta zake zilinyooka mpaka zikawa zinakera. Ila alisahau kuwaambia wazazi kwamba hayo macho aliyokuwa akitamba nayo yalikuwa jicho moja tu. La kushoto liliingiwa na chokaa enzi za ujana, na tangu hapo lilibaki kutofautisha mchana na usiku, basi. Alipokuwa akilifumba na kuukodolea ukuta lile la kulia, watu walidhani ni mbwembwe za ufundi. Wala. Lile la kushoto halikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Kwa hiyo mtoto wa jicho alipoanza kulifunika la kulia, Rula alianza kufunikwa mzima mzima. Akajikaza miaka miwili. Akasema ni vumbi, akasema ni saruji ya siku hizi. Mpaka asubuhi moja akalisalimia pipa la maji, akaliuliza na watoto hawajambo. Binti yake, fundi vigae aliyekuwa akifanya naye kazi kwenye nyumba moja, akamshika mkono, akampeleka hospitali.

Upasuaji ulifanyika, lenzi yenye ukungu ikatolewa, ya bandia ikawekwa. Daktari wa macho, mama mmoja mfupi asiye na maneno ya kupoteza, hakumficha kitu.

“Kile kifuko kinachoshika lenzi kimechanika kidogo wakati wa kazi. Hutokea. Lenzi mpya nimeiweka, na itakaa. Lakini kwa sababu ya ule mchaniko, retina yako, yaani utando wa nyuma unaopokea picha, inaweza kubanduka kirahisi kuliko ya mwingine. Ukiona mimweko, vidoa vyeusi vinavyoelea, au kama pazia linashuka, usingoje kesho. Njoo siku hiyohiyo.”

“Nimekuelewa, daktari,” alijibu Rula, kwa sauti ya mtu aliyeacha kusikiliza pale kwenye neno “itakaa”.

Miezi miwili dunia ilikuwa mpya. Alimtazama binti yake, akashtuka.

“Kumbe una mvi?”

“Nimeziotesha nikikusubiri ukubali kwenda hospitali.”

Kisha ikaja mimweko. Tena pembeni mwa jicho, cheche, cheche. Rula hakuwaza hata sekunde moja; akavuka barabara hadi kwa fundi wa kuchomelea mageti, akaanza kumfokea aweke kizuizi, anawapofusha wenzake.

“Mzee Rula,” akasema yule fundi, amekaa juu ya ndoo anakula karanga, “umeme umekatika tangu juzi. Nachomelea kwa mate?”

Mtu mwingine angekimbia moja kwa moja hospitali. Rula alirudi akinung’unika kwamba vijana siku hizi hawana adabu. Kesho yake vikaja vidoa. Akaviita inzi, akashinda kutwa anapunga mikono, mpaka wapaka rangi wakaulizana mzee anacheza wimbo gani.

Siku ya tatu aliuangalia ukuta wa uzio, alioujenga mwenyewe wiki iliyopita, akaona umetoa tumbo. Ukuta wake! Akachukua nyundo kubwa. Binti yake aliposikia vishindo na kutoka ndani na gundi ya vigae mikononi, mita mbili za ukuta zilikuwa chini.

“Baba! Unafanya nini?”

“Navunja aibu. Huoni tumbo hili?”

Binti akatundika timazi kwenye sehemu iliyosalia. Akasogea, akarudi, akainama. “Baba, umenyooka.”

“Timazi yako imelewa.”

“Hiki ni chuma kwenye uzi, baba. Kinalewaje? Njoo uangalie mwenyewe.”

Rula akaja. Akalifumba la kushoto kama kawaida yake, akautazama uzi. Uzi umening’inia, chuma kizito kimeuvuta chini, na katikati umepinda kama mgongo wa paka. Akautazama tena. Aliweza kubishana na binti, na timazi, na dunia nzima, lakini uzi wenye uzito unaoning’inia haupindi. Hilo alilijua kabla hajaota ndevu.

“Uzi nao umepinda,” akasema polepole. “Na hapa chini kuna kama pazia.”

“Tangu lini?”

“Pazia ni leo. Cheche ni juzi.”

Binti aliacha vigae vya watu juu ya gundi mbichi. Hawakubadili hata nguo.

“Umechelewa siku mbili,” daktari alisema baada ya kumchunguza, “na umewahi moja. Retina imebanduka kuanzia juu, katikati ndiyo kwanza inaanza kuinuka. Tukingoja, jicho limekwenda.” Akamweleza: watatoa ute ulio ndani ya jicho, watafyonza maji yaliyoingia nyuma ya retina, watauziba mpasuko kwa leza, kisha watajaza gesi ya kuikandamiza.

“Yaani lipu imebanduka,” akasema Rula, “mnaipiga upya na kuiegemeza mpaka ishike.”

“Hivyo hivyo. Ila wa kuegemeza ni wewe. Siku saba, uso chini.”

Siku saba! Mtu aliyetembea miaka yote kidevu juu kama mwenye mtaa, alikula akitazama sakafu, akasalimia wageni kwa kuvitambua viatu vyao kwa sauti, akalala kifudifudi kama mkeka. Daktari alimkataza pia kupanda ndege mpaka gesi iishe. Hilo Rula aliliahidi kwa moyo mweupe, kwa kuwa hajawahi kupanda.

Utani ulimwisha siku ya nne. “Mwanangu,” aliuambia mto, “na kama haikushika?”

Binti alikuwa anaandaa dawa ya matone. “Basi utanielekeza kwa mdomo, mimi nitajenga. Mdomo wako haujapata mtoto wa jicho.”

Mto ukatikisika. Alikuwa anacheka, au kitu kinachofanana na kucheka.

Wiki zilizofuata gesi ilianza kupungua, na Rula akawa anauona mstari wake ndani ya jicho, unachezacheza, ukijisawazisha kila anapoinamisha kichwa. “Wameniwekea pima maji ya kusawazishia tofali!” akatangaza. Juu ya mstari palikuwa na mwanga, halafu dirisha, halafu siku moja uso wa binti yake, mvi zote mahali pake. Kila siku mstari ukashuka, mpaka kikabaki kiputo kidogo, nacho kikaondoka bila kuaga.

Wiki ya nane daktari alimulika jicho kwa muda mrefu mno. Binti alikuwa amekishikilia kiti kama kinataka kukimbia.

“Imeshika,” akasema daktari. “Pande zote.”

Binti akatoa pumzi ambayo nadhani alikuwa nayo tangu siku ya ukuta. Rula akaomba kusikia tena, akasikia tena. Mistari iliyonyooka angeendelea kuiona na kiwimbi kidogo, daktari aliongeza, huenda kikapungua, huenda kisiishe kabisa. Rula akasema kiwimbi atakifuga.

Nje ya geti, na miwani mpya puani, alisimama ghafla.

“Nini tena, baba?”

“Yule pale ng’ambo, mwenye kisanduku cha kioo. Ameandika bei.”

“Mimi hapa hata sioni anauza nini.”

Rula akasoma, herufi kwa herufi, bila kukodoa. Yai la kuchemsha, mia tatu.